Sura ya Sita: Gunia Lililowekwa Kando

Kahawa nyingi hupoteza jina lake siku ile ile inapochumwa. Mama anayechuma kihambani kwake Machame au Kilema anajua mbuni upi umezaa vizuri mwaka huu, upi umejificha kivulini mwa migomba, upi ulipandwa na baba mkwe na upi ni mche mpya kutoka kituo cha utafiti. Jioni maarifa hayo yote yanaishia kwenye mizani. Matunda yakifika kwenye mtambo wa chama yanamwagwa pamoja na ya jirani, na ya jirani wa jirani. Familia inayomenya nyumbani kwa mashine ya mkono inauchelewesha tu mchanganyiko huo kwa siku chache, mpaka kahawa kavu ifike ghalani.

Baada ya kukobolewa, kahawa hupewa jina jipya: AA, A, B, C, au PB ikiwa tunda lilizaa punje moja ya mviringo badala ya mbili bapa. Anayetoa majina hayo ni chekeche. Punje inayokataa kupita kwenye tundu la takriban milimita 7 ni AA, iwe imetoka kwa mkulima makini au mzembe, juu mlimani au chini karibu na barabara ya lami.

Mfumo huu una akili yake. Mkaangaji mkubwa wa Ulaya anataka ladha isiyobadilika kuanzia Januari hadi Desemba, na mchanganyiko ndio unaompa. Mkulima naye ana faida yake humo, kwa maana mwenye kilo 40 hawezi kumwita mnunuzi kutoka Hamburg aje azitazame. Ila kuna gharama isiyoandikwa kwenye stakabadhi yoyote. Kahawa bora kupita kiasi ikiingia kwenye lundo la kahawa ya wastani, lundo halibadiliki sana, na ile bora inapotea. Nani atajua kwamba ilikuwapo?

Sura hii inahusu kahawa moja iliyopotea hivyo kwa miaka mingi, mpaka familia moja ya Panama ilipoitoa kwenye lundo na kuifanya itajwe katika kila mnada mkubwa wa dunia. Inatuhusu sisi kwa sababu nyingine pia: mbegu yake ilipita Kilimanjaro.

Mbegu iliyopita Lyamungu

Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni wa Kiingereza walikusanya mbegu za kahawa kusini-magharibi mwa Ethiopia, upande wa Gesha. Misitu ya huko ndiyo asili ya arabika, na aina za mibuni zilizomo zinazidi kwa mbali zile chache zilizosambazwa katika mashamba ya dunia. Maofisa hao walitafuta kinga. Mashamba ya Afrika Mashariki yalitegemea aina za kuhesabika, kama vile Bourbon iliyoletwa na wamisionari na Kent iliyotoka India, na kutu ya majani ilikuwa tishio la kudumu.

Mbegu zilipitia Kenya, na baadhi zikaletwa Lyamungu, kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, ambako kituo cha utafiti wa kahawa kilianzishwa mwaka 1934. Hapo ndipo yalipo leo makao makuu ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa ya Tanzania. Mbuni ule wa Kiethiopia ulipewa namba, VC-496, ukapandwa mstarini pamoja na mingine na kuchunguzwa.

Watafiti waliuliza maswali ya wakati wao. Unastahimili kutu? Unazaa kiasi gani? Swali la kwanza mbuni ulilijibu vyema, la pili likaushinda. Ni mti mrefu, mavuno yake haba, na matawi yake membamba hukatika mchumaji akiyavuta kwa haraka. Ukabaki kuwa akiba ya vinasaba, mzazi wa kuzalishia aina nyingine. Wakulima wa Kilimanjaro walipewa N39 na KP423, ambazo hadi leo zimo vihambani, na baadaye zikafuata aina mpya zinazostahimili kutu pamoja na ugonjwa wa chulebuni.

Mwaka 1953 mbegu za mbuni huo zilitoka Lyamungu kwenda Turrialba, Costa Rica, kwenye kituo cha utafiti ambacho sasa kinaitwa CATIE. Huko ukaandikishwa upya kwa namba T.2722. Katika miaka ya 1960 ukavuka mpaka na kuingia Panama, kwa sababu ile ile ya kutu. Wakulima waliupokea shingo upande, maana waliona kilekile walichoona watafiti: kimo kirefu, matawi dhaifu, kapu lisilojaa. Hapa na pale uliachwa usimame kati ya mibuni mifupi ya Caturra na Catuai, na matunda yake yakachumwa kapu moja na ya wenzake. Jina lake lilitokana na kule ulikotoka, likiandikwa Geisha.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Geisha ilikaa Panama kwa karibu miaka 40 bila kujiuza.

Familia ya Peterson

Rudolph Peterson alizaliwa Sweden mwaka 1904, akakulia Marekani, na katika miaka ya 1960 alikuwa rais wa Bank of America. Mwaka 1967 alinunua shamba liitwalo Hacienda La Esmeralda katika mkoa wa Chiriquí, magharibi mwa Panama, akiwazia kustaafu kwake. Ng'ombe walikuwa wengi kuliko mibuni. Mwaka 1973 mwanawe Price, msomi wa kemia ya ubongo mwenye shahada ya uzamivu, alihamia huko na mkewe Susan ili waliendeshe. Ng'ombe wa maziwa waliendelea kufugwa, ila kuanzia miaka ya 1980 familia iliweka nguvu kwenye kahawa, na katika miaka ya 1990 ikajenga mtambo wake yenyewe wa kuchakata kahawa. Mtambo huo tuukumbuke, kwa kuwa tutaurudia.

Miaka michache baadaye walinunua shamba la pili, Jaramillo, juu ya mji wa Boquete, kwenye miteremko ya Volcán Barú, mlima wa volkano wenye mita 3,474. Jaramillo lilishambuliwa na ugonjwa wa ukungu ambao wenyeji huuita ojo de gallo, yaani jicho la jogoo, unaoweka madoa ya mviringo kwenye majani na kuyapukutisha. Price aligundua kwamba mibuni fulani mirefu, yenye majani machache, ilivumilia kuliko mingine. Aliizidisha kwa ajili ya uvumilivu huo tu, akaipanda hata katika sehemu za juu zaidi za shamba, kwenye baridi na upepo. Ladha haikuwa sehemu ya hesabu yake.

Wakati huo soko la dunia lilikuwa limeanguka. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukizigawia nchi mafungu ya mauzo ulivunjika mwaka 1989, na mwaka 2001 bei ya New York ilishuka chini ya senti 50 za dola kwa ratili, ambayo ni gramu 454. Shamba la Panama, lenye gharama kubwa za vibarua, lisingeweza kushindana na tani za Brazil na Vietnam kwa bei hiyo. Wenye mashamba wa Chiriquí waliona njia moja tu ya kutokea, nayo ni kuuza kidogo kwa bei ya juu. Waliunda chama cha kahawa maalumu na kuanzisha shindano lenye mnada, Best of Panama.

Kuelekea shindano la mwaka 2004, Daniel, mtoto wa Price, alifanya jambo jepesi kulieleza. Hakuionja kahawa ya Jaramillo kwa jumla. Alionja kila kipande cha shamba kivyake. Katika vikombe vya ile mibuni mirefu ya juu alikuta harufu ya asumini, uchachu safi wa bergamoti, utamu wa matunda yaliyoiva, na wepesi wa chai mdomoni. Ladha hiyo haikuzaliwa siku ile. Ilikuwa ikiingia kwenye magunia ya shamba miaka yote, ikizimwa na wingi wa nyingine.

Jopo liliipa ushindi. Mnadani ratili moja ilikwenda kwa dola 21, wakati kahawa ya kawaida New York ilikuwa chini ya dola moja. Mmoja wa waonjaji wa miaka ile alisema ameuona uso wa Mungu kikombeni. Mwaka 2007 bei ilifika dola 130 kwa ratili, na mwaka 2013 dola 350.25. Wenye mashamba waliokuwa wameudharau mti ule walianza kutafuta miche yake.

Kutenganisha ni kazi

Ni rahisi kuisimulia habari hii kama habari ya mbegu: anayeipata anatajirika. Waliofuata njia hiyo, huko Amerika na hapa kwetu, wamejifunza kwamba mbegu ni mwanzo tu. Geisha ikipandwa sehemu ya chini yenye joto, matunda yake huiva upesi na kahawa hutoka ya kawaida. Usiku wa baridi ndio unaochelewesha tunda mtini na kulipa muda wa kujaza sukari. Hata ikipandwa mahali pake, kuna sehemu nyingi ambapo ladha inaweza kuvuja kabla haijafika kikombeni, na karibu zote ni sehemu za kuchanganya.

Ya kwanza iko kwenye kapu. Matunda ya tawi moja hayaivi pamoja, kwa hiyo mchumaji hurudi kwenye mti uleule mara kadhaa katika msimu, akichukua mekundu na kuacha mengine. Anayelipwa kwa uzito hana sababu ya kuacha chochote. Mwenye shamba anayetaka matunda yaliyoiva tu lazima alipe kwa namna inayofidia muda wa kuchagua, la sivyo maagizo yake yatabaki maneno.

Ya pili iko kwenye maji. Matunda humwagwa kwenye pipa. Yanayoelea yameliwa na wadudu au hayakujaa, nayo huondolewa. Yaliyozama humenywa siku hiyohiyo. Punje zenye utelezi huvundikwa, mara nyingi kati ya saa 12 na 36 kutegemea baridi ya mahali, kisha huoshwa. Hapa ndipo familia moja hutofautiana na nyingine. Huyu alivundika usiku mmoja, yule alisafiri kwenda msibani akarudi siku ya tatu. Punje chache zilizopitiliza hutoa harufu ya kuoza, na punje moja ya namna hiyo inatosha kuharibu kikombe kizima. Zikichanganywa ghalani, uzembe wa mmoja unalipwa na wote.

Ya tatu iko kichanjani. Kahawa iliyooshwa hukauka kwa siku 10 hadi 15 juu ya vichanja, ikigeuzwageuzwa, ikifunikwa jua likiwa kali na mvua ikitishia, hadi unyevu ubaki asilimia 10 hadi 12. Ikiharakishwa hupasuka, ikichelewa hupata ukungu. Kila fungu linahitaji kichanja chake na kibao chake: kipande kipi cha shamba, tarehe ya kuchuma, tarehe ya kuanika. Ndipo La Esmeralda ilipofikia. Mashamba yake yamegawanywa vipande vyenye majina, kimojawapo kikiitwa Mario, na kahawa ya kipande kimoja iliyochumwa siku tofauti inaweza kuuzwa kama mafungu tofauti kabisa.

Ya nne ndiyo inayowashinda wengi, nayo ni kukoboa. Kiwanda kikubwa kimejengwa kwa ajili ya tani. Mtu akipeleka magunia mawili, punje za mzigo uliotangulia bado zimo ndani ya mashine, na sehemu ya zake zitabaki humo zimngoje mwenzake. Hata msimamizi akiwa na nia njema, kusimamisha mtambo kuusafisha kwa ajili ya magunia mawili ni hasara kwake. Familia ya Peterson ilikuwa na mtambo wake kabla haijajua kuwa ina Geisha. Bila mtambo huo Daniel asingekuwa na vipande vya kuonja kimoja kimoja. Katika habari hii yote, hiyo ndiyo bahati yao kubwa, na ilinunuliwa kwa mtaji.

Vikombe vitano

Kahawa iliyotengwa inahitaji mtu wa kuthibitisha kwamba ilistahili kutengwa. Msemo wa kahawa maalumu ulienezwa mwaka 1974 na Erna Knutsen, mzaliwa wa Norway aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya kahawa San Francisco. Aliingia kama katibu, na wanaume wa ofisini hawakumtaka katika chumba cha uonjaji. Alijifunza kuonja hata hivyo, kisha akajenga biashara kwa kuuza mafungu madogo ambayo wanunuzi wakubwa hawakuyataka kwa kuwa hayakujaza kontena. Chanzo cha biashara hii nzima, basi, ni magunia machache yaliyokataliwa kwa uchache wake.

Leo kipimo chake ni alama. Kwa utaratibu uliozoeleka, kahawa inayopata alama 80 au zaidi kati ya 100 huitwa maalumu. Mwonjaji huweka gramu 8.25 za kahawa iliyosagwa katika kila mililita 150 za maji ya moto yasiyochemka, husubiri dakika nne, huvunja povu gumu lililojengeka juu huku pua ikiwa karibu, kisha huvuta kwa kijiko kwa mvumo mkubwa ili kahawa itawanyike ulimini. Hurudia kahawa ikiwa moto, vuguvugu na baridi, kwa sababu baridi huanika aibu ambazo moto huzificha.

Fungu moja huwekwa kwenye vikombe vitano, kahawa ya kila kimoja ikiwa imesagwa kivyake. Punje moja iliyooza itajificha katika lundo, ila kwenye vikombe vitano itaangukia kimoja, nacho kitanuka peke yake. Hivyo jopo hupima uzuri wa kahawa na pia usawa wake. Fungu lenye vikombe vinne vya ajabu na kimoja kibovu limeshindwa, na mkulima aliyechuma vizuri siku nne na vibaya siku moja amejulikana.

Kwa mkulima wetu hapa pana jambo la kusikitisha. Wengi waliolima kahawa miaka 30 hawajawahi kuinywa kahawa yao wenyewe ikiwa imekaangwa kivyake. Wanajua bei yake, uzito wake na magonjwa yake. Ladha yake wanaijua watu wa mbali. Anayeuza kitu asichokijua ladha hana la kusema mnunuzi akikitia dosari.

Hesabu ya kilo 20

Agosti 2025, katika mnada wa Best of Panama, fungu la kilo 20 la Geisha iliyooshwa ya Hacienda La Esmeralda liliuzwa kwa dola 30,204 kwa kilo. Mnunuzi alitoka Dubai. Jumla ni dola 604,080, takriban shilingi bilioni 1.5 za Tanzania, kwa mzigo ambao pikipiki moja ingeubeba bila shida.

Tuifanye hesabu yenyewe. Kilo moja ya buni hutokana na takriban kilo sita za matunda, kwa hiyo fungu zima lilikuwa kama kilo 120 za matunda mtini. Kahawa ikikaangwa hupoteza karibu asilimia 15 ya uzito, hivyo kilo 20 hubaki 17. Kwa gramu 15 kwa kikombe, hapo kuna vikombe 1,100 na ushei. Bei ya buni pekee, kabla ya kulipia mkaangaji, kodi ya pango na mshahara wa mwandaaji, inazidi dola 500 kwa kikombe.

Hakuna ladha yenye thamani hiyo kwa ulimi wa mtu. Mnunuzi amenunua pia habari ya magazetini, heshima mbele ya wateja wake, na haki ya kusema hakuna mwingine aliye nayo. Kwa muuzaji nako fungu hilo ni tangazo. La Esmeralda huuza pia Geisha ya daraja la chini ya zile za mnada, pamoja na Catuai na aina nyingine za kawaida, na zote hizo hunufaika na jina lililotengenezwa na zile kilo 20. Mkulima anayeota kuuza mavuno yake yote kwa bei ya mnada amesoma tangazo akadhani ni orodha ya bei.

Kuna pia watu wasioonekana katika hesabu hiyo. Matunda ya Boquete huchumwa kwa sehemu kubwa na Wangäbe, wenyeji wa asili wanaotoka katika eneo lao la milimani na kuhamia mashambani na familia zao wakati wa mavuno, kati ya Desemba na Machi au Aprili. Mikono yao ndiyo inayochagua tunda jekundu na kuacha la kijani, na bila uchaguzi huo hakuna alama wala mnada. Lakini wao hulipwa kwa kazi ya kuchuma. Nyundo ya dalali ikigonga, kahawa si yao tena.

Kihambani mambo ni kinyume. Anayechuma ndiye mwenye mti, na anayegeuza kahawa kichanjani ni mtoto wake au mama mkwe wake. Kila dakika ya uangalifu ingerudi nyumbani humohumo, endapo tu kahawa ingefika sokoni ikiwa bado ina jina la kihamba hicho.

Chama na gunia

Hapa tunagongana na historia yetu. Kilimanjaro ilipata nguvu kwa kuchanganya. Wakulima wa Kichagga waliunda chama chao cha kwanza mwaka 1925, na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikaanzishwa mwaka 1933. Kila mmoja peke yake alikuwa na vikapu vichache mbele ya mfanyabiashara mwenye mizani ya mashaka. Wote pamoja walikuwa na mzigo ambao hakuna mnunuzi angeupuuza. Shule, barabara na ofisi vilitokana na lundo hilo. Anayewaambia leo watenganishe kahawa zao anasikika kama anayehubiri kuvunja ushirika, na kuna wafanyabiashara ambao wangefurahi sana hilo litokee.

Familia moja yenye nusu eka haiwezi kuiga La Esmeralda. Haina mtambo, haina maji ya kutosha, na haina miezi ya kusubiri malipo wakati ada za shule zinadaiwa Januari. Ikijitenga kabisa, itauza kwa yeyote atakayefika na fedha taslimu. Kinachowezekana ni kuziweka mbalimbali shughuli mbili ambazo tumezoea kuzifanya pamoja: kuungana na kuchanganya. Watu wanaweza kumiliki mashine moja, mfereji mmoja, gari moja na mwanasheria mmoja, na bado kahawa ya kitongoji cha juu ikalala kichanja chake na kuandikwa jina lake.

Rwanda imelionyesha hilo. Huko Maraba, kusini mwa nchi, wakulima wadogo walianzisha ushirika wa Abahuzamugambi mwaka 1999, katika nchi iliyokuwa ikiuza karibu kahawa yake yote ikiwa imechakatwa nyumbani kwa namna isiyolingana. Walipopata kituo chao cha kuoshea, udhibiti wa siku ya kumenya na saa za kuvundika ulihamia mahali pamoja, na baada ya muda mfupi kahawa yao ilikuwa ikiuzwa Uingereza kwa jina la Maraba. Mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuandaa shindano la Cup of Excellence, ambalo lilianzia Brazil mwaka 1999. Ethiopia ilipofanya la kwake mara ya kwanza mwaka 2020, mshindi alikuwa mkulima mdogo wa Sidama, na kahawa yake ilipata dola 185.10 kwa ratili. Hakuwa na benki nyuma yake, wala Geisha. Alikuwa na mibuni ya kwao, matunda yaliyochaguliwa, na utaratibu ulioiacha kahawa yake ifike mezani peke yake.

Kwa hiyo swali la kama turudishe Geisha Kilimanjaro ni dogo kuliko linavyoonekana. Mti huo tayari umerudi katika mashamba machache ya Tanzania, na ukipata mwinuko na mwangalizi utafanya vizuri. Swali kubwa ni ladha ngapi nyingine zinamwagwa kila mwaka kwenye lundo bila kuonjwa. Ile SL28 inayowapa wakulima wa Kenya heshima ya dunia ilichaguliwa kutoka kwa mbegu zilizookotwa upande wa Monduli mwaka 1931. Mara mbili, basi, mbegu zimeondoka Tanganyika bila jina, zikatajirisha jina la kwingine. Waliozichukua hawakuiba. Walizipanda mahali ambapo baadaye alitokea mtu wa kuzionja moja moja.

Kazi ya kuanzia haihitaji mfadhili mkubwa. Chama cha msingi chenye kaya 200 kinaweza kuchagua kitongoji kimoja cha juu, kulipa nyongeza kidogo kwa matunda mekundu matupu kwa siku chache za katikati ya msimu, na kuyapa pipa lake, kichanja chake na daftari lake. Kahawa ikishakauka, kilo moja ikaangwe na kuonjwa na waliochuma pamoja na mwonjaji wa Moshi, kisha alama zisomwe kwenye mkutano mkuu kama yanavyosomwa mapato na matumizi. Gunia hilo likishindwa, linarudishwa kwenye mengine na hasara yake haizidi ile nyongeza. Likifaulu, chama kitakwenda kwa mnunuzi msimu ujao kikiwa na bei ya kutaja, na sababu ya kuitaja.